Wimbo Uliolisha Ng'ombe Dengu

Katika mji wetu hapa Samuye wamo Wagalu na Wagika, na wanalala kitanda kimoja. Baba mkwe ni Mgalu, mama mkwe ni Mgika. Kwa msomaji asiyezijua habari za Usukumani, hivi ni vyama viwili vya ngoma vilivyoanza karne ya 19 kwa waganga wawili mahasimu, Gumha na Ngika, na wafuasi wao wakarithi uhasama pamoja na dawa. Baada ya mavuno vyama hukutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji mwenye karatasi. Mshindi ni yule aliyezungukwa na watu wengi zaidi. Ukibaki na ndugu zako na mbwa wa nyumbani, umeshindwa, na mganga wako ana maswali ya kujibu.

Mimi niliolewa hapa sina chama. Nilikuja na masufuria, magodoro na memori kadi yenye wimbo wa Kikorea. Kijana wa kuingiza nyimbo pale stendi ya Shinyanga nilimlipa aniwekee kwaya. Katikati ya kwaya akaniachia "Sorry, Sorry" ya Super Junior, sijui kwa makusudi au kwa usingizi. Pacha wangu walikuwa wachanga, Doto mgongoni na Kulwa mbele, na niligundua kwamba wimbo huo ukianza wote wawili wananyamaza. Mama wa pacha hahitaji uhakiki zaidi ya huo.

Mwaka huu wifi yangu, kitindamimba wa wakwe zangu, akachumbiwa, na sendoff ikapangwa mwezi wa 6, watoto wakiwa likizo. Kulwa, ambaye sasa yuko kidato cha tatu na ana sauti ya mkuu wa wilaya, akatangaza kwamba familia haitaingia ukumbini kwa singeli kama familia nyingine zote. Tutaingia na wimbo wa mama.

"Wale Super Junior walikuwa kumi na watatu," alisema, akichora vitone ardhini kwa kijiti. "Na sisi tutakuwa kumi na watatu."

Alihesabu babu na bibi, baba na mama, yeye na Doto, mdogo wao Shija, baba mdogo wa bodaboda na mkewe, watoto wao, na mabinti wa jirani waliokuja kuomba chumvi. Hesabu ikatimia kabla chumvi haijatoka jikoni.

Baba Kulwa akataka kwanza kuujua wimbo wenyewe. Aliusikiliza amekaa juu ya turubai la pamba, maana siku hizo hata kulala alitaka kulala juu ya pamba yake hadi ipimwe.

"Huyu anayeomba radhi mara zote hizi, kafanya nini?"

Nikamweleza kwamba hakufanya kitu. Kampenda binti kabla binti hajampenda yeye.

"Basi si apeleke ng'ombe?"

Kwa maneno, nakubali, wimbo hauna mengi ya kumpa mwanamume wa Kisukuma. Ukuu wake uko kwingine. Ulitoka Machi 2009, umetungwa na Yoo Young-jin, fundi wa miaka mingi wa kampuni ya S.M. Entertainment ya Seoul, wakati ambapo Korea nzima ilikuwa imeshikwa na nyimbo za kiitikio kinachorudiwa hadi kinakuganda kichwani. Wonder Girls walikuwa wameuwasha moto huo mwaka 2007 kwa "Tell Me". Yoo hakuzunguka mbuyu. Kiitikio ndicho kinachofungua mlango. Msikilizaji hasubiri ubeti ili afike kwenye utamu. Chini yake kinanda cha umeme kinarudia kifungu kimoja kifupi bila huruma, na sauti za vijana zimepitishwa kwenye mashine hadi zinang'aa kama bati jipya. Sikio linapotaka kuchoka, anaingia wa kuchana, kisha wa kuimba kwa kuvuta, kisha mlango unafunguliwa tena.

Halafu kuna viganja. Ukifika kwenye kiitikio, kundi zima linasugua viganja kifuani, kama mtu anayeomba msamaha. Hakuna lugha hapo ya kumshinda mtu. Mwaka huohuo wa 2009 hata wafungwa wa gereza la Cebu kule Ufilipino, ambao walikwishajulikana dunia nzima kwa kuicheza "Thriller" ya Michael Jackson, waliucheza uwanjani kwao.

"Wafungwa," alisema Baba Kulwa. "Umekosa mfano kote, ukauona huo."

Babu yeye hakuwa mgeni wa Korea. Aliitazama *Jumong* yote katika kibanda umiza, ile tamthilia ya mwaka 2006 yenye sehemu 81, na kwake Korea ni nchi ya farasi, pinde na wafalme wenye visasi. Alipoonyeshwa video kwenye simu ya Doto, aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Hawa ndio wajukuu wa Jumong? Mbona wamevaa suti?"

"Guku, hao ni wanamuziki."

"Na pinde wamempa nani?"

Lakini ngoma ilipoanza kupiga, mzee alinyamaza. Mguu wake wa kulia ukaanza kufanya kazi bila ruhusa yake. Ujanani alikuwa mchezaji wa bugobogobo, ngoma ya majembe, na aliwahi kufika kwenye mashindano ya Bulabo kule Bujora, karibu na Kisesa. Katika bugobogobo mstari wa watu hulima hewa kwa pamoja, kisha majembe hurushwa juu na kudakwa kwa pigo moja. Akausikiliza wimbo wote hadi mwisho, akatoa hukumu: "Huu una nafasi ya jembe."

Alikuwa na hoja. Wimbo wa watu kumi na watatu haumwachii mtu mmoja uwanja. Mwenye mstari anajitokeza mbele, anausema, anarudi nyuma, mwingine anachukua. Mstari wa wachezaji nao haukatiki. Ndivyo wakulima walivyolima wakiimba, sauti inahama na kazi haisimami. Kulwa akafurahi kupata mwanafunzi mwenye akili, hadi mzee alipoonyesha kwamba nusu ya pili ya somo haimhusu.

"Guku, ukimaliza mstari wako unarudi nyuma."

"Nirudi nyuma niende wapi?"

Bibi alikuwa kwenye kigoda, akichambua choroko. Hakuinua macho. "Wagalu ndivyo walivyo. Wimbo hauko miguuni huo. Uko kwenye viganja." Naye akasugua vyake, ameketi vilevile, kwa madaha ambayo sikujua kwamba mama mkwe wangu anayo. Mabinti wa jirani walihamia upande wake papo hapo. "Mnaona? Mwenye magoti mabovu anaucheza. Mwenye mtoto mgongoni anaucheza. Jembe la nini?"

Basi mji ukagawanyika. Babu, Doto, baba mdogo na watoto wake wakashika majembe upande wa zizi. Bibi, mke wa baba mdogo na mabinti wakashika viganja upande wa jiko. Sabufa ilikuwa moja, kwa hiyo pande zote mbili zililazimika kucheza kwa wakati mmoja, na bila mtu kutamka neno tukawa tayari tumo kwenye mashindano. Mimi nilisimama nyuma ya kihenge, maana mkwe hakatiki kiuno mbele ya baba mkwe, hata kwa Kikorea. Kulwa alibaki katikati, juu ya vitone vyake kumi na vitatu, hana hata mtu mmoja wa kumsimamisha hapo.

Jioni hiyo Doto aliweka sabufa kwenye kurudia. Majirani wakaanza kufika, kwanza wale wa karibu, kisha bodaboda waliokuwa wakipita barabara ya Tinde. Babu alipoona watu wanaelekea jikoni aliongeza urefu wa kurusha. Bibi alipoona wanaelekea zizini alisimama kutoka kwenye kigoda, jambo ambalo daktari alimkataza kulifanya ghafla. Kisha jembe moja likapaa zaidi ya maarifa ya aliyelirusha, likatua katikati ya turubai pamoja na vumbi lake lote, na Baba Kulwa akapiga ukelele wa mtu anayeona pamba safi inageuzwa kuwa fifi mbele ya macho yake.

Kwa sababu ya ukelele huo hakuna aliyemuuliza Shija kwa nini amesimama pale na fimbo ya kuchungia.

Jirani aliingia bila "mwadila", na mtu wa kwetu akiingia mjini kwako bila salamu, tafuta kiti. Ng'ombe wetu kumi na mmoja walikuwa ndani ya dengu zake kule mbugani, dengu zilizokuwa zimebakiza siku chache kung'olewa. Alituambia hivyo kwa sauti kubwa, ila kiitikio nacho kilikuwa kimefika. Watu wote waliokuwa uwanjani, wakiwemo waliomgeukia kwa heshima, walikuwa wanasugua viganja.

Alitutazama mmoja mmoja. "Mnaniomba radhi au mnanicheza?"

"Tunakuomba radhi, mzee mwenzangu," alisema Baba Kulwa, viganja vikiendelea.

"Basi acha kutikisa mabega!"

Doto alikimbilia sabufa, akabonyeza kitufe, wimbo ukaanza upya. Ilibidi nitoke nyuma ya kihenge na kung'oa waya wa betri kwa mkono.

Kesi ilikaa kesho yake kwa mwenyekiti wa kitongoji, chini ya mwembe. Mji wetu ulikiri, Shija akakiri kwa machozi, na fidia ikakubaliwa: debe mbili za dengu, pamoja na nguvu kazi ya kumsaidia jirani kung'oa zilizobaki. Mwenyekiti alikuwa anafunga daftari Babu alipoomba neno.

"Mwenyekiti, na wewe jana ulikuwepo. Nani alishinda?"

Bibi akasogeza kigoda mbele ili asikie vizuri. Mwenyekiti, ambaye ni Mgalu kwa baba na Mgika kwa mama, na ana uchaguzi mbele yake, aliinamia daftari kwa muda.

"Kanuni yetu ni moja, mshindi ni aliyevuta wengi. Kwa jembe nilihesabu watu kadhaa, kwa viganja nao kadhaa, wanakwenda na kurudi. Ila dengu zilivuta ng'ombe kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa hiari. Shamba limeshinda."

Wazee wote wawili walikata rufaa hapohapo, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuwaona wakiwa upande mmoja.

Siku ya sendoff Kulwa alitupanga nje ya ukumbi kwa mstari wake, majembe nyuma, viganja mbele, na nafasi ya mbele ikibadilishwa kwa zamu kama Mungu na Seoul walivyokusudia. MC akaubonyeza wimbo. Kabla hatujapiga hatua ya tatu wageni walikuwa wamesimama. Jirani wa dengu alikuwa wa kwanza, anasugua viganja na kutikisa mabega yaleyale aliyotukataza, na nyuma yake meza nzima ya wazee, na upande wa bwana harusi ambao haukuwahi kufanya zoezi hata siku moja. Kumi na watatu wetu walimezwa humo. Kulwa alipiga kelele za "Nafasi! Nafasi!" mpaka sauti ikamkauka.

Nilimwambia usiku ule kwamba wimbo ambao watu wanaubomoa mpangilio wake ili waingie ndani umefanya kazi yake, na kwamba hata huko ulikotoka wangeridhika. Akasema huo ni utetezi wa watu wasiofanya mazoezi. Babu anadai umati ule ulikuwa wake, Bibi anadai wake, na Kulwa hajawasamehe wote wawili hadi leo, ingawa viganja wameshasugua.