Ukitoka Dubai Kuja Kampemba: Maelekezo kwa Meneja wa Wafanyakazi

Umekaa Dubai ukasimamia Wafilipino, Wanepali, Wahindi wa Kerala, Wamisri na vijana wa Mombasa, wote chini ya paa moja. Sasa umeletwa Lubumbashi, komini ya Kampemba, mtaa wa viwanda, kuongoza wafanyakazi wa karakana inayohudumia migodi. Umeambiwa pana mataifa matano tu, ukacheka. Endelea kucheka mpaka Jumatatu.

Jambo la kwanza la kuacha uwanja wa ndege wa Luano ni imani kwamba mchanganyiko ni uleule. Kule Dubai mgeni ndiye mfanyakazi. Viza yake imefungwa kwa mwajiri, wazazi wake wako ng'ambo ya bahari, sendika, yaani chama cha wafanyakazi, haina ruhusa, na ugomvi ukizidi kuna ndege ya usiku. Kampemba mgeni ndiye bosi. Mchina anasimamia karakana, Mhindi anashika hesabu, Mlebanoni ana ghala, Msauzi huja mara mojamoja kukagua usalama na kuuliza helmeti ziko wapi. Kijana anayechomelea vyuma yuko kwao. Shangazi yake anapika bukari, ugali wa huku, kwenye malewa, mgahawa wa barabarani, iliyo mbele ya geti lako, na habari za ofisini kwako humfikia kabla hujasaini. Kwa hiyo lile faili lenye kichwa "kumrudisha kwao" liache hotelini. Kwao ni Bongonga; anaenda kwa miguu.

Anayeweza kurudishwa ni wewe. Kabla hujakizoea kiti, uliza kadi yako ya kazi ya mgeni imefikia wapi, kwa kuwa sheria imeweka asilimia ya wageni kwa kila sekta. Mkaguzi wa kazi hapigi simu kabla ya kufika. Mkaribishe soda. Atakunywa, atashukuru, ataendelea kuuliza.

Lugha zisikusumbue sana: mkataba ni wa Kifaransa, mashine zina maandishi ya Kichina, hesabu ni za Kiingereza, na ugomvi ni wa Kiswahili. Chako cha pwani watakiita Kiswahili bora, nao watakusikiliza kwa adabu kama wanavyomsikiliza mhubiri mgeni, kisha watarudi kuelewana bila wewe.

Twende kwenye kilio, maana hapo ndipo mameneja wa Ghuba huzama. Kwenye karatasi hutaona tofauti kubwa. Sheria ya Emirati ya 2021 inatoa siku 5 kwa kufiwa na mume au mke, na siku 3 kwa mzazi, mtoto au ndugu. Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatoa siku 4 za kazi kwa mwenzi au jamaa wa daraja la kwanza, na 2 kwa wa daraja la pili. Utapiga hesabu, uone tofauti ni ya siku mojamoja. Lakini Dubai msiba hutokea mbali. Mtu hulia chumbani, hutuma pesa, kesho yupo kazini. Hapa maiti iko mochwari ya hospitali ya Sendwe, ukoo umekaa kwenye viti vya plastiki barabarani, na wajumbe wako getini wakiulizia jeneza, lori la kupeleka watu makaburini na unga na mboga za usiku. Usijaribu kubishana juu ya daraja. Baba mdogo ni baba. Mama mkubwa ni mama. Ukimwambia mtu kwamba "huyu ni baba yako wa pili, alishakufa mwingine mwezi wa tatu," utakuwa umesema kweli, na sentensi hiyo itakufuata mpaka siku ya kuondoka kwako.

Utashangaa: kwani kampuni ni mzazi wao? Ndiyo, na si wao walioanza. Union Minière, kampuni ya madini iliyoundwa 1906, ilichoka kuwaleta vibarua na kuwaona wakifa au kutoroka, ndipo mwishoni mwa miaka ya 1920 ikaamua kumtuliza mfanyakazi: ikampa nyumba, ikamruhusu mke, ikapima posho kwa idadi ya watoto, ikajenga hospitali na shule. Wazee husema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi yake, ilirithi ubaba huo, ikaulea mpaka ikaishiwa, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondolewa kwa mpango wa Benki ya Dunia uliopewa jina la kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikuwa ameshaandika kitabu kizima juu ya watoto wa kampuni walioachwa na baba yao. Wengi wa unaowaajiri leo ni wajukuu wa nyumba hiyo. Wewe unawaletea kadi ya bima na mafunzo ya moyo wa timu.

Ukiona delegee, mjumbe wa sendika, anaingia bila haraka, akikuita Papa, mpe kiti. Mji huu ndio ambao Desemba 1941 askari waliwafyatulia risasi uwanjani wafanyakazi waliogoma kudai nyongeza ya mishahara. Yeye hatalitaja, ataanza na salamu za watoto.

Sasa jambo ambalo hakuna atakayekueleza kwenye mkutano. Utatumia nguvu zako zote kupatanisha Mchina na Mhindi, na huko siko. Mpaka wenye kidonda umepita kati ya Wakongo wenyewe. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya eneo la Kasai walifukuzwa huku Katanga kwa maelfu, wengi wao wakilala vituoni Likasi na Kolwezi wakingoja treni, na wengine wakifia humohumo. Waliozaliwa hapa walipelekwa "kwao" ambako hawakuwahi kukuona. Tangu hapo kila orodha ya ajira husomwa majina ya ukoo kabla ya vyeti. Ukiajiri wanne wenye majina ya Katanga utaulizwa, na ukiajiri wanne wenye majina ya Kasai utaulizwa zaidi. Jibu kwamba uliangalia ujuzi ni zuri. Liwe pia na ushahidi, mtihani ulioandikwa na maksi zake, na usipokee kikaratasi cha mapendekezo cha mchungaji, wala cha mheshimiwa, wala cha kanali. Cha kanali kipokee kwa mikono miwili, kisha ukipoteze.

Kufukuza mtu kunahitaji sababu iliyoandikwa, na notisi ya siku 14 za kazi pamoja na 7 kwa kila mwaka aliotumika. Fanya hesabu hiyo kabla ya kukasirika.

Limebaki la mshahara. Mkataba umetaja dola, malipo ni faranga, na kila mwisho wa mwezi swali ni kiwango cha nani: cha benki, cha Mhindi wako, au cha wale wabadilisha pesa wenye matofali ya noti kwenye vimeza vya barabarani. Ukichoka ukaamua kulipa dola tupu, kagua noti moja baada ya nyingine. Dola iliyochanika upana wa ukucha hainunui hata kilo ya unga Kampemba. Fundi ataiinua kwenye jua, ataipitisha kwa wenzake watatu, atakurudishia kwa heshima zote: "Papa, hii unibadilishie." Usimhutubie juu ya hazina ya Marekani. Mbadilishie, na ile mbovu itie kwenye bahasha ya safari ya yule Msauzi.