Heko, Ukungu

Kuna waliopigiwa makofi kwa kufanya machache kuliko ukungu wa Vugiri. Tumewashangilia wageni rasmi waliokata utepe wa bomba lililotoa maji siku ya sherehe tu. Ukungu unateka maji Bahari ya Hindi, unayapandisha Usambara bila pampu wala tozo, unayagawa jani kwa jani usiku kucha, na jua likishapanda unaondoka zake kabla hatujaelewana nani atoe neno la shukrani. Neno hilo leo nalitoa mimi. Wachuma chai na wenye migomba wanaufaidi ukungu, kwa hiyo sifa zao zina harufu ya rushwa. Sifa zangu ni safi, maana mimi umenitia hasara tupu. Napiga picha za nyota.

Sisemi mwezi, ambao hata simu ya mkononi inaupiga ukatoka kama kidonge. Nasema vile vitu hafifu vya mbali, mawingu ya gesi na vichala vya nyota, ambavyo jicho huviona kama alama ya kidole kwenye kioo au lisivione kabisa. Mwanga wake unauteka kama maji ya kisima cha kiangazi, kata kwa kata. Kamera yangu ni ya mtumba, lenzi ni ya milimita 50, stendi ina miguu mitatu na mmoja umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Dunia inazunguka, kwa hiyo ukiacha lenzi wazi muda mrefu nyota inageuka mstari. Kanuni ya mafundi ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi: 500 kwa 50 ni sekunde 10. Kwa kamera yenye kihisi kidogo kama yangu gawa tena kwa 1.6, zinabaki sekunde sita. Sekunde sita si kitu. Basi unapiga picha 400 za sekunde sita sita, na nyumbani kompyuta inazipandanisha nyota juu ya nyota mpaka zinakuwa picha moja.

Mtu mwenye akili atauliza kwa nini nisihamie Handeni, kwenye ukavu. Nyumba yangu iko Vugiri. Nyota nilizipenda nikiwa tayari nimeshaezeka.

Ukungu huu una adabu ya kuja kwa wakati. Kuanzia Juni hadi Agosti, kundinyota la Mshale, ambalo jina lake la Kiarabu kwetu ni Kausi, hupanda karibu na utosi, na nyuma yake ndiko kilikojificha kitovu cha Njia Nyeupe. Watu wa Ulaya ya kaskazini wanamwona Kausi amejikunyata kwenye upeo wa macho kama mgeni asiyekaribishwa. Sisi, nyuzi tano kusini mwa ikweta, anatupitia juu ya paa. Miezi hiyo hiyo upepo wa kusi unatoka baharini umelowa, unavuka tambarare za mkonge, unagonga ukuta wa Usambara na kulazimika kupanda. Ukipanda unapoa, ukipoa unashindwa kubeba mvuke wake, na mzigo wote unashushwa mlangoni pangu. Kausi juu, kusi chini. Tofauti yao ni irabu moja, na ndani ya irabu hiyo nimepoteza Julai nne.

Lakini hasara ndiyo karo. Ukungu ni mshauri wa vifaa kuliko muuza duka yeyote, kwa kuwa ndiye pekee anayekuambia usinunue. Ugonjwa wa vifaa unawajua wote walioshika kamera: leo lenzi, kesho darubini, keshokutwa kamera inayopozwa kwa umeme, na mke anauliza kama nyota zenyewe zinalipia ada ya shule. Mimi niliwahi kubakiza hatua moja kununua mtambo wa kufuatilia nyota, wa mtumba, mzito kama kinu. Mtambo huo unazunguka kinyume cha Dunia ili nyota isimame mbele ya lenzi, na ili ufanye hivyo mhimili wake lazima uelekee ncha ya anga. Fedha nilikuwa nazo. Ukungu ukafunga usiku kumi na mmoja mfululizo, nami kwa kukosa kazi nikasoma kitabu cha maelekezo.

Kumbe mhimili ule haukuweza kushuka hadi nyuzi tano. Umetengenezwa kwa ajili ya watu kama wa London, ambao ncha yao ya anga iko nyuzi 51 juu ya upeo. Kwetu mhimili unatakiwa karibu ulale chali, na mitambo mingi ikilala hivyo uzito wake wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Halafu unaulengesha kwa nini? Nyota ya kaskazini iko chini ya upeo wetu. Upande wa kusini umewekewa nyota moja, Sigma Octantis, hafifu kiasi kwamba jicho zima linaitafuta kwa shida hata angani palipo safi, na kwetu imekaa chini, ndani ya utando wa upeo. Angekuwepo muuzaji angeniambia hayo? Ukungu uliniambia kwa kunifungia ndani, na ukaniokolea fedha ya mabati ya chumba kizima.

Ukungu pia hauna upendeleo. Tajiri mwenye darubini ya mamilioni akija Vugiri mwezi wa saba, nami nikasimama kando yake na mpira wangu wa baiskeli, wote tunapata picha ile ile: nyeupe. Na ukiwa mwembamba ni mtengenezaji wa vifaa. Kuna watu ng'ambo wananunua kioo maalumu cha kutia utando mbele ya lenzi, ili nyota kubwa zivimbe kidogo na rangi zake zionekane: Ibuti la Jauza, bega la kundinyota la Jabari, liwe chungwa, na Rijili, mguu wake, uwe buluu. Mimi kioo hicho naletewa bure, ingawa siwezi kukivua nikitaka. Umande ukishika lenzi naizungushia soksi iliyojazwa mchele uliopashwa kwenye kikaango. Mama watoto aliuliza mara moja tu mchele ule ni wa kula au wa nyota. Sasa kuna debe mbili.

Somo kubwa zaidi lilikuja kwenye upishi wa picha. Mwenye anga safi kila siku hapiki vizuri, maana ana haraka ya kwenda kuvuna nyingine. Mimi nilivuna usiku mmoja wa Januari, Jabari akiwa juu, kisha ukungu ukafunga wiki tatu. Nikabaki na mavuno yale yale na programu ya Siril, ambayo haina malipo zaidi ya bando la kuipakua. Toleo la kwanza lilikuwa aibu. Nilivuta mwangaza mpaka anga likawa jeusi kama chungu, wingu la gesi likawa na rangi ya keki ya harusi, na chenga zikajaa kama televisheni ya zamani isiyoshika stesheni.

Wiki ya pili nikaielewa hesabu ya chenga. Ukipandanisha picha nne, chenga zinapungua nusu mbele ya mwanga wa kweli. Ukitaka zipungue nusu tena, zinatakiwa 16, si nane. Picha 100 zinakupa mara kumi, 400 mara ishirini. Kila hatua ya usafi ni ghali kuliko iliyotangulia, jambo ambalo kila aliyewahi kufua shuka jeupe analijua bila hesabu. Nikajifunza na kuchambua. Picha iliyopitiwa na utando, picha iliyotikiswa na upepo, picha ambayo ndege imechora mstari katikati, zote nje. Mchuma chai anatwaa majani mawili na kichipukizi, yaliyokomaa anayaacha kwenye mchai. Mimi nilikuwa nikivuna mchai mzima na mizizi yake. Wiki ya tatu nikajifunza lililo gumu kuliko yote, kuliacha anga liwe kijivu. Anga la usiku si jeusi. Ukililazimisha liwe jeusi unafuta na vile vitambi hafifu vya gesi vilivyokukesheza. Toleo la tisa ndilo nililoonyesha watu.

Wa kwanza alikuwa bibi jirani, anayeniita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha. Nikamwamkia, nikampa simu. Aliitazama, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaitazama tena. Doa halikutoka.

"Hiki nini, mwalimu?"

"Ni wingu la gesi, bibi. Liko kwenye zile nyota za Jabari."

"Mbona ukungu?"

Nikasema ndiyo, ni kama ukungu.

"Kwa hiyo ulikesha ukiulaani huu, upate kuuona ule." Akanirudishia simu. "Ule una nini?"

Swali hilo lilinipeleka kwenye vitabu, na vitabu vilimpa bibi haki. Neno nebula, ambalo sisi wapiga picha tunalitamka kwa heshima kama jina la mchumba, ni la Kilatini na maana yake ni ukungu. Na mtu aliyezipa umaarufu, Mfaransa Charles Messier, hakuzipenda hata kidogo. Yeye alikuwa mwindaji wa nyota-mkia. Kila alipoona doa jipya angani alifurahi, kisha doa likakataa kusogea usiku hata usiku, akajua amedanganywa. Ili asidanganywe tena akaandika orodha ya madoa ya kupuuzwa. Ya kwanza, yenye vitu 45, ilichapishwa mwaka 1774. Wingu la Jabari ni namba 42. Namba 45 ni Kilimia, nyota ambazo wakulima wetu wamezitegemea kupanga kilimo mpaka zikabeba jina la kulima, na ambazo hakuna kipofu angezidhani ni nyota-mkia. Nyota-mkia alizoziwinda Messier ni wachache wanaozitaja leo. Orodha yake ya kero ndiyo menyu ya kila mpiga picha duniani.

Kwa hiyo kusifu kero si wazimu wangu peke yangu. Na tukipima kwa haki, ukungu wa Vugiri unaushinda ule wa Jabari. Ule uko umbali wa miaka-nuru kama 1,300, na ni mwembamba ajabu: sehemu kubwa yake, sentimita moja ya ujazo ina atomu maelfu kadhaa tu, utupu kuliko chupa za kawaida zinazofyonzwa maabara. Hapa kwangu sentimita hiyo hiyo ina molekuli za hewa zaidi ya bilioni kumi mara bilioni, na matone juu yake. Ule wa Jabari haujawahi kunywesha mche mmoja wa kabichi. Huu umelisha misitu, umelea hata kile kiua cha zambarau cha kwenye miamba yenye kivuli, ambacho mtawala Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikipeleka kwao mwaka 1892 na sasa kimekaa madirishani Ulaya nzima bila kujua njia ya Korogwe. Na ule ukungu wa buluu unaoizunguka Kilimia kwenye picha? Ni vumbi tu ambalo nyota zile zinalipitia njiani, zikalimulika, kama lori la usiku kwenye barabara ya Handeni. Tunalisifu kwa sababu halijatuingia machoni.

Februari iliyopita ndipo nilipoustahi ukungu rasmi. Mwezi huo kusi halijaanza, kaskazi ndiyo inavuma, na Kausi anachomoza kabla ya mapambazuko. Nilitoka saa tisa na nusu usiku. Ukungu ulikuwepo, lakini chini yangu, umejaza bonde kama maziwa kwenye kibuyu, na taa za Korogwe zilikuwa zimezama humo zote. Kule La Palma, Visiwa vya Kanari, darubini kubwa zimewekwa kwenye kilele cha mita kama 2,400, na mawingu yanapolala chini yake yanazifunika taa za miji. Mimi nilikuwa na La Palma ya stendi mbovu. Nikaielekeza lenzi kwenye doa la namba 8 la orodha ya Messier, zaidi ya miaka-nuru 4,000 kutoka uani kwangu, nikapiga mpaka mashariki kulipoanza kupauka.

Kisha ukungu ukapanda. Ulifika saa kumi na mbili na nusu, kamera ikiwa bado pale pale, lenzi haijaguswa. Kila lenzi inatia giza pembeni mwa picha, na kila kihisi kina punje za vumbi. Ili kuyafuta hayo kompyuta inahitaji picha za kitu cheupe kisicho na alama hata moja, kilichoangazwa sawasawa pembe hadi pembe, na ziwe zimepigwa kwa lenzi ile ile kabla haijasogezwa. Wenzangu wanatandaza fulana nyeupe juu ya lenzi na kuomba isiwe na mkunjo. Mimi nilisimama mbele ya weupe usio na mkunjo, ulioenea mpaka Tanga. Nikapiga thelathini.

Kwenye kompyuta yangu kazi ile ina mafungu mawili makubwa: picha 400 za ukungu wa Kausi, na 30 za ukungu wa Vugiri. Nilijaribu kwanza kuanza na lile la Kausi peke yake. Programu ikagoma, ikaandika kwa wekundu kwamba kuna fungu halijaletwa.