Iacheni Redio ya Gari

Wasio na subira wanailaumu redio ya gari kwa kuikataa simu. Mimi naitetea. Gari limetoka Japani, likateremka Kismayo na usukani wake wa kulia katika nchi inayoendesha kulia. Mnataka na redio nayo itusemeshe kwa lugha yetu? Inatukaribisha kwa Kijapani, na FM yake inaishia 90 ili stesheni za juu ya hapo zisitusumbue. Muziki basi sharti utoke kwenye simu, kwa Bluetooth, iliyopewa jina la mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyesifika kwa kuunganisha watu. Mambo ya kifalme hayataki papara. Itazunguka, itatafuta, itadai namba ya siri (weka 0000, ikinuna weka 1234), kisha itamchagua abiria wa nyuma, na gari zima limsikie mamake akiuliza pesa za samaki zimeenda wapi. Posa za kwetu Koyama humalizika upesi zaidi, lakini ziko wapi posa zenye teknolojia? Sokoni wapo wachuuzi wanaouza waya wa bei ya kahawa: unachomeka, inaimba. Tafadhali, msiwaungishe.