Sifa Ziiendee Porojo ya Roki

Wako waliosifiwa wakatosheka. Ng'ombe wa Ankole wamesifiwa kwa pembe zao, makabaka wa Buganda kwa vita vyao, na Arsenal husifiwa Kampala hata msimu ambao haistahili. Porojo ya wapenda roki wa Kawempe haijapata msemaji. Haina mlezi bungeni, haina siku yake katika kalenda, na wake wa wanaoipiga huitaja kwa kubinua midomo. Nimejitolea kuisemea bila malipo, maana hata hao ninaowatetea wasingeweza kunilipa: hela yao yote imeishia kwenye bando.

Kawempe si mahali ambapo mgeni angekuja kutafuta gita la umeme. Iko kaskazini mwa Kampala, kwenye barabara ya Bombo, na divisheni yake inabeba Bwaise na mafuriko yake, soko la Kalerwe na kelele zake, Makerere na maprofesa wake, Mulago na wagonjwa wake. Ndani ya teksi utasikia kadongo kamu, kwenye baa utasikia rumba, na harusini hukosi wimbo wa Afrigo Band, iliyoanza mwaka 1975 na bado inapiga. Mpenda roki yumo humo humo. Ni fundi simu, ni karani wa duka la saruji, ni mwanafunzi wa famasia. Ukiwakusanya wa mtaa mmoja hawajazi teksi. Ndiyo maana hukutana katika kundi la kwenye simu, na ndiyo maana wakishakutana hawanyamazi.

Porojo yao huanza kabla ya chai. Mmoja anaamka na swali: nani mpiga gita bora wa zama zote? Jimi Hendrix, anajibiwa, kana kwamba swali ni geni. Hendrix alifariki London Septemba 1970 na hajagusa uzi tangu siku hiyo, lakini nafasi yake hupanda na kushuka kutwa nzima kama bei ya nyanya Kalerwe. Saa nne Jimmy Page amempita. Saa saba mtu wa Kazo anatishia kujitoa kundini. Saa tisa amejitoa. Saa kumi na moja amerudishwa, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Usiku inapigwa kura, matokeo yanakataliwa, na asubuhi swali linaulizwa tena na mtu yule yule. Wataalamu wa utawala bora waje wajifunze: hapa uchaguzi hufanyika kila siku, kila mshindwa hudai ameibiwa, na hakuna aliyewahi kuita polisi.

Anayeiona porojo hii kuwa mtoto wa kuokotwa haijui nasaba yake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alijijengea jina kwa mashairi ya kuwachokoza wapinzani wa mji wake na kuwajibu walipomchokoza. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 miji ya pwani iligawanyika kwa ajili ya ngoma ya beni, huku Marini, kule Arinoti, kila upande na tarumbeta zake, sare zake na vyeo vya kijeshi vya kujipachika, na ubishi wa nani zaidi ukasafiri mpaka bara. Zanzibar ya wakoloni ilikuwa na vikundi vya taarab vya wanawake vilivyojiita Royal Navy na Royal Air Force, vikitupiana vijembe kwa nyimbo. Mtu wa Kawempe anayeandika saa sita usiku kwamba washabiki wa Metallica hawana masikio ni mjukuu halali wa watu hao. Mababu walikuwa na tarumbeta; yeye amebakiwa na asilimia nne ya chaji.

Wala thamani yake haikukadiriwa na wapita njia. Machi 2018 Rais Yoweri Museveni alimwandikia waziri wake wa fedha akilalamikia lugambo, yaani porojo, ya mitandaoni na gharama yake kwa taifa. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, kila aliyetaka kuingia WhatsApp, Facebook au Twitter nchini Uganda alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku. Itafakari heshima hiyo. Usingizi wa mchana haukutozwa. Hotuba za harusini, ambazo ni ndefu zaidi na zina ukweli kidogo zaidi, hazikutozwa. Porojo ndiyo iliyoonekana ina uzito wa kuingizwa kwenye bajeti. Kwa mwaka ni shilingi 73,000 kwa kichwa, na mtu mwenye hoja motomoto kuhusu mpiga ngoma wa Led Zeppelin alizilipa, au alijifunza kutumia VPN. Wengi walijifunza. Ilikuwa kozi ya kompyuta ya nchi nzima, isiyo na mwalimu wala ada. Kodi hiyo ilifutwa katikati ya mwaka 2021, mahali pake ikawekwa asilimia 12 juu ya bando, kwa hiyo siku hizi porojo inachangia ujenzi wa taifa kimyakimya, na jina lake haliandikwi kwenye jiwe la msingi lolote.

Januari 2021, uchaguzi ulipowadia, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Yalisemwa mengi juu ya hasara ya mabenki na wafanyabiashara. Hayakusemwa ya watu wazima wa Kawempe, ambao kwa siku zote hizo hawakuweza kuuliza juu ya Hendrix, ikawabidi wazungumze na familia zao.

Elimu ya porojo hii ni ya bure na hupewa hata asiyeiomba. Chukua fundi wa kuchomelea mageti aliyeingizwa kundini kwa namba iliyokosewa. Kabla ya wiki kwisha anajua kwamba Tony Iommi alikuwa kijana wa kiwanda cha vyuma mjini Birmingham. Kwamba mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, siku yake ya mwisho kazini. Kwamba alijitengenezea kofia za plastiki za kuvalisha vidole hivyo, akatafuta nyuzi laini, baadaye akazilegeza ili zisimuumize, na uzito wa sauti ya Black Sabbath ukapatikana humo. Fundi wetu ameona vidole vingi vikienda na maji, lakini hakuwahi kuambiwa kwamba kidole kilichokatika kinaweza kuanzisha aina nzima ya muziki. Bosi wake humwambia tu avae glavu.

Ataambiwa pia kwamba mwaka 1964, jijini London, Dave Davies wa The Kinks aliichana kwa wembe spika ya amplifaya yake ili gita likwaruze, na mkwaruzo huo ukalifikisha kundi lake namba moja Uingereza. Bwaise spika huharibika kila msimu wa mvua, na wembe hauhitajiki, maji ya mfereji yanatosha. Kilichokosekana mpaka leo ni kampuni ya kurekodi.

Lakini somo linalopendwa kuliko yote ni Freddie Mercury. Alizaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Kwa kundi la Kawempe hayo yanatosha: mtu ni wa kwetu. Tanzania imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, soko la pamoja lilianza mwaka 2010, basi sauti yake haihitaji viza kupita Mutukula. Mzanzibari aliyemo kundini huwauliza Waganda wamekuwa ndugu wa marehemu tangu lini. Mkenya hudai kwamba Mombasa ni jirani wa karibu zaidi. Na hapo, kwa robo saa, shirikisho la kisiasa ambalo wakuu wa nchi wamelijadili miaka nenda miaka rudi linasimama, kwa ajili ya mwimbaji aliyefariki mwaka 1991. Kisha linavunjika, baada ya mmoja kuuliza albamu ipi ya Queen ni mbovu zaidi.

Tena porojo hii ni jirani mwema. Kawempe alfajiri ina mhubiri mwenye spika nne, ina bodaboda yenye eksozi iliyotoboka, ina kinyozi anayejaribu besi kabla ya kujaribu mashine yake. Kanuni za kudhibiti kelele zipo tangu mwaka 2003, nazo zimelala vizuri kuliko wakazi. Katikati ya hayo yupo mpenda roki, anayeabudu muziki wenye kishindo kuliko wote, naye ndiye asiyesikika. Ana hedifoni masikioni na ugomvi wake wote umo katika vidole gumba. Jirani anaweza kuishi naye ukuta kwa ukuta miaka kumi asijue kwamba pale ng'ambo, usiku wa jana, Deep Purple walitukanwa hadi mapambazuko.

Ilinganishe sasa na porojo wenzake. Porojo ya mpira huishia kwenye tiketi ya kubeti, na tiketi ikishachanwa huishia kwenye ada ya shule ya mtoto. Porojo ya viwanja huishia mahakamani. Porojo ya siasa, Kawempe imeshaona mara nyingi inakoishia, na macho bado yanawasha. Ya roki haiishii popote. Hakuna aliyepoteza kibanja kwa kusema Pink Floyd wanachosha. Hakuna aliyefungwa kwa kumwona mpiga besi wa kundi fulani hana kazi. Katika mji ambao karibu kila anayekusemesha ana kitu cha kuuza, hawa wanakusemesha mpaka usiku wa manane na hawauzi kitu.

Wapinzani wana hoja tatu, na zote zinajibika.

Ya kwanza: huu ni muziki wa shetani. Mwenye hoja hiyo aulize habari za Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915 na mama mhubiri, akakulia kanisani, na katika miaka ya 1940 alikuwa akiimba injili kwa gita la umeme kabla Elvis Presley hajarekodi wimbo wowote. Roki ilitoka kanisani kwa mlango wa mbele. Kama shetani alikutana nayo, ni njiani.

Ya pili: huu ni muziki wa wazungu. Chuck Berry hakuwa mzungu, na mwaka 1977 Marekani ilipakia wimbo wake katika vyombo viwili vya Voyager, ambavyo sasa vinaelea nje ya himaya ya jua, mbali kuliko teksi yoyote ya Bombo inavyofika. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na Zamrock yake na kundi la WITCH. Duma, vijana wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao ya mwaka 2020 kwa Nyege Nyege Tapes, lebo ya hapa hapa Kampala, na bado haijaamuliwa kama ile ni roki au ni mashine ya kusaga iliyokosa mafuta. Wanaoipenda wanasema ni vyote viwili. Kampala yenyewe imetoa Vale of Amonition, kundi la metali nzito ya mwendo wa pole, ambayo kwa kweli ndiyo inayoufaa msongamano wa magari wa barabara ya Bombo.

Ya tatu ndiyo nzito: porojo hii haina faida. Haijazibua mfereji wa Lubigi, haijaondoa hata kikombe kimoja cha maji Bwaise. Nakubali. Lakini warsha za hotelini zenye soda, bahasha na mabango hazijayaondoa yote pia, na zimegharimu zaidi. Porojo ina unyoofu wa kutoahidi. Hakuna mpenda roki aliyewahi kusimama juu ya gari akasema mkinichagua mafuriko yatakwisha. Anaahidi jambo moja tu, kwamba atathibitisha kuwa wewe hujui muziki, naye hulitimiza kila siku.

Basi hukumu yangu ni hii. Watu wanaoweza kupingana kutwa nzima, wakashindwa, wakatukanana, wakaondoka, wakarudi, na asubuhi wakasalimiana kama ndugu, wana kitu ambacho mabaraza mengi yenye viti vya ngozi hayana. Nakuomba, msomaji, ukimwona mtu anacheka peke yake na simu ndani ya teksi ya Kawempe, usimwonee huruma wala usimwombe apunguze. Na wewe unayedhani una hoja ya kuumaliza ubishi wao mara moja, tafadhali baki nayo.