Tairi Linalong'aa Kuliko Gari

Vijana wanaoosha magari kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Mbezi Mwisho mpaka huku kwetu Kibamba, wana kazi moja ya mwisho ambayo hakuna anayewaagiza na hakuna anayewazuia. Gari limeshaoshwa, limekaushwa, mazulia yamekung'utwa, na wewe mkono uko mfukoni unatafuta hela. Hapo mmoja wao anachuchumaa na kopo lililokatwa kutoka kwenye dumu la lita tano. Ndani yake kuna kipande cha godoro kilicholowa kitu cheusi, kinadondoka. Anapaka tairi la kwanza, la pili, anazunguka. Ukimuuliza ni nini, anajibu bila kuinua kichwa: "Dawa ya tairi, mkubwa." Pua yako inakuambia vingine: oili chafu, na dizeli kidogo ya kuilainisha.

Gari langu ni IST, nililinunua kupitia kwa dalali. Siku ya kulikagua, injini aliipita haraka, viti akavipita haraka, ila kwenye matairi alituama. "Tazama matairi, bosi. Mapya hayo. Unajiona sura!" Na kweli nilijiona.

Sasa, lami tunayo, tena pana. Barabara ilipanuliwa kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, na waliojenga kando yake hawajasahau alama za X za kubomolewa zilizochorwa ukutani. Lakini ukishakata kona kuingia mtaani, ni vumbi mpaka mlangoni. Vumbi likikutana na mafuta, ndoa hiyo haivunjiki. Tairi lililopakwa Jumamosi asubuhi, jioni limeshaota ngozi ya kahawia, na Jumamosi inayofuata linapakwa tena juu ya ngozi hiyo hiyo. Hakuna anayesugua kwanza. Ubavu wa matairi yangu ulikuwa na matabaka ambayo wachimbaji wa Olduvai wangeyafurahia.

Tungeendelea kuishi hivyo kwa amani kama si shemeji yangu. Alikuwa mshereheshaji wa sendoff moja Kibaha, akaomba nimsogeze. Alivaa suruali ya rangi ya krimu, imepigwa pasi mpaka inatisha. Nilikuwa nimeegesha karibu na ukuta, naye badala ya kusubiri nitoe gari, akajipenyeza kinyumenyume kati ya ukuta na tairi la mbele. Hakuna aliyeona kitu mpaka ukumbini, aliposhuka: upinde mweusi, mnene, kutoka paja moja hadi jingine, upande wa nyuma. Akaendesha shughuli usiku mzima bila kuwapa wageni mgongo hata mara moja. Kutoka jukwaani alitoka kinyumenyume, akiinamisha kichwa. Mama mmoja mtu mzima aliniambia hajapata kuona kijana mwenye adabu vile.

Mke wangu aliifua suruali ya mdogo wake kwa kila aina ya sabuni, kisha akatoa amri: mafuta yatoke kwenye matairi.

Kibamba hakuna tatizo lisilo na wataalamu. Fundi aliyepo njia panda alisema petroli. Jirani akasema stiliwaya. Dereva wa bodaboda akasema dawa ya madoa, ile ya kufulia nguo nyeupe, na sijui alitaka tairi liwe rangi gani. Petroli ndiyo iliyopata kura nyingi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Mafuta itayatoa, sibishi. Lakini itaondoka pia na kinga ambayo mtengenezaji ameichanganya ndani ya mpira ili jua na hewa ya ozoni visiupasue. Dizeli na oili chafu nazo si ndugu wa mpira: zinaingia ndani, zinauvimbisha na kuulegeza.

Halafu weusi wenyewe tunaoulilia. Mpira wa asili si mweusi. Watengenezaji waliuongezea masizi ya kiwandani mwanzoni mwa karne ya 20, tairi likawa gumu na likadumu. Ndiyo maana yule bonge wa Michelin, aliyechorwa mara ya kwanza mwaka 1898, ni mweupe mpaka leo. Matairi ya enzi zake hayakuwa meusi. Kwa hiyo jikoni tunasugua masizi ya sufuria kwa majivu, na barabarani tunalipa ili masizi yaonekane vizuri zaidi.

Nilisubiri asubuhi, tairi likiwa la baridi na jua halijapanda. Maji kutoka kwenye simtanki, sabuni ya kuondolea grisi, na brashi ya kufulia ambayo mke wangu ameshaisamehe. Unalowesha, unapaka sabuni, unasugua kwa kuzunguka, unasuuza kabla sabuni haijakauka. Povu la kwanza lilitoka jeusi. Likaja la kahawia, likaendelea kuwa la kahawia mpaka nikaanza kuliheshimu. Huachi hadi povu libaki jeupe, na kidole kikavu kipite ubavuni bila kuteleza wala kunata. Watoto wa mtaani walikaa juu ya tofali wakitazama. Mmoja akamwita mwenzake: "Njoo uone, baba mwenye IST anafua gari!"

Tairi safi halina mvuto. Ni jeusi lililofifia, kimya. Ila lina maandishi. Kwanza zilijitokeza herufi, kisha nyufa nyembamba katikati ya herufi, zimeenea ubavu mzima, na mwisho kikajitokeza kidude kirefu chenye tarakimu nne: 0812. Yaani wiki ya 8, mwaka 2012. Matairi yangu mapya, kama yangekuwa mtoto, yangekuwa yameshamaliza darasa la saba. Nilijifariji kwamba angalau hayakuandikwa General Tyre, maana kiwanda kile cha Arusha kilifungwa mwaka 2009.

Nikampigia dalali. Nikamweleza kuhusu nyufa, kuhusu 0812, kuhusu sura yangu niliyoionyeshwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta pumzi, akauliza kwa masikitiko ya kweli: "Sasa mkubwa, uliyaosha kwa nini?"

Anayependa weusi lazima, dawa za maji zipo. Kwenye chupa zinaonekana nyeupe, na zikikauka hazirushi matone kwenye madigadi. Zinapakwa kidogo kwenye tairi safi na kavu, ziada inafutwa, na hazipakwi kwenye kashata za tairi wala diski ya breki. Ukienda kununua gari nenda na kitambaa kibichi na kipande cha sabuni, usugue palipo na zile tarakimu kabla hujataja bei. Dalali akikuzuia, umeshapata jibu.

Matairi yangu ya zamani tayari yana mteja, fundi wa katambuga, ambaye aliyabonyeza, akayanusa, akauliza tu kama mafuta yameisha. Mimi natafuta manne ya IST, ya mwaka huu. Mwenye nayo apite Kibamba, ila ayalete bila kuyapaka kitu.