Sifa za Ndago

Mnazi una washairi wake, mkarafuu una Zanzibar nzima, na mwanasiasa hapiti Tanga bila kuupamba mkonge. Ndago haina msemaji. Hata kanga, ambazo hazimwachi mkwe wala jirani, sijaona moja iliyoitaja. Sisi wenye ekari mbili nje kidogo ya Muheza, tunaolala nayo na kuamka nayo, tusipoisifu nani ataisifu?

Tazameni kwanza ilivyojilea. Mkonge ulidekezwa: mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ndago haikuagizwa na mtu. Haidai mbolea, haipangi foleni ya ruzuku, na mvua ikichelewa hailalamiki redioni. Imefika ilipofika kwa nguvu zake. Mwaka 1977 LeRoy Holm na wenzake walipochapisha kitabu juu ya magugu mabaya kuliko yote duniani, waliiweka nambari moja. Nambari moja duniani! Timu yetu ya taifa ikifika hapo tutapewa mapumziko ya wiki nzima.

Ubora wake uko chini. Juu utaona majani machache membamba, yenye adabu zake, udhani ni kazi ya dakika kumi. Chini kuna viazi vyeusi, vidogo vya ukubwa wa karanga, vimeunganishwa na nyuzi ngumu, kimoja hadi kingine. Kimoja kikichipua, vingi vya nyuma yake husinzia. Pitisha jembe, kata uzi: vilivyosinzia vinazinduka, kila kimoja kinaota kivyake. Kwa hiyo ukiilima kwa bidii inaongezeka, na ukiilima kwa bidii zaidi inaongezeka zaidi. Nani mwingine anathamini jasho la mkulima kiasi hicho? Mahindi ukiyakata mara moja tu yanasusa.

Lakini pale ndago inapotukuka hasa ni kwenye ulezi. Mjini kuna chekechea zenye bembea na ada ya kila muhula. Binti yetu wa miaka minne tumemkabidhi kwa ndago. Bibi yake ndiye aliyempa somo la kwanza: "Mjukuu wangu, usitazame majani, yatakudanganya. Shika shina ulizungushe vidoleni." Shina la ndago lina pembe tatu. Basi tangu hapo anazunguka shambani akikamata kila kilichoota na kutangaza matokeo kwa sauti, na pembetatu ameijua kabla ya kujua kushika penseli. Kwamba katika mtihani huo hung'oka na mahindi mawili matatu, hiyo ni ada. Elimu haijawahi kuwa bure, hata ile iliyotangazwa kuwa bure.

Mama yake anaisifia jambo jingine. Mtoto aliyeshinda anafukua ndago kwa kijiti hasumbui usiku. Saa moja tu, tonge bado liko mkononi, kichwa kimeshalala mkekani. Dawa gani ya usingizi inauzwa kwa bei hiyo?

Tena ana shamba lake mwenyewe: kopo la maziwa ya unga lililotobolewa kwa msumari. Alipanda kunde, akazimwagilia mpaka zikaoza. Akapanda nyanya, kuku akazimaliza. Akapanda kiazi cha ndago. Akakimwagilia kupita kiasi, kikaota. Akakisahau juani, kikaota. Akakifukua aone kama kimeota, akakirudisha kichwa chini miguu juu, kikaota. Wanasema mtoto ajengewe kujiamini. Wetu amejengeka. "Baba," aliniambia akiwa amejishika kiuno, "mimi najua kulima kuliko wewe." Nilitazama kopo, nikatazama mahindi yangu, nikanyamaza.

Wabaya wake watasema hailiki. Mwaka 2014 watafiti walichapisha habari za ukoga uliogandamana kwenye meno ya watu wa kale waliozikwa Al Khiday, nchini Sudan, karibu na Nile Nyeupe. Walikuta dalili kwamba watu hao walikuwa wakila ndago, wakahisi huenda ndiyo iliyochangia meno yao kutooza sana. Huko India viazi vyake hutiwa kwenye ubani na manukato. Haya yote nilimweleza mama. Akaguna. "Hao," akasema, "hawakuwa na muhogo."

Yuko pia bwana shamba. Yeye amegundua kwamba ndago haipendi kivuli, kwa hiyo panda kunde na viazi vitamu vitambae vifunike ardhi mapema. Tena kiangazi uilime chini, uviache viazi vyake juani vikauke. Ni kweli tupu, na ndiyo maana inauma. Mtu anatoka mjini kwa pikipiki, na mafuta ya kujinunulia, aje kumsengenya mwenzetu kwa sababu tu anapenda jua! Na kiangazi ni msimu wa harusi. Nani atakuwa shambani?

La mwisho ni urithi. Babu yetu alipofariki, shamba liligawanywa kwa wanawe watano. Waligombana juu ya michungwa, wakagombana juu ya kisima, juu ya mpaka wa upande wa barabara wakaacha kusemezana kwa muda. Ndago peke yake ndiyo iliyogawanyika kwa haki: mkubwa alipata, kitinda mimba alipata, shangazi aliyeolewa Korogwe naye akapata. Hakuna aliyekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kudai kwamba amepunjwa.