Karatasi Iliyokutwa Sandukuni

Nilichaguliwa kuwa mhazini nikiwa nje napokea simu. Niliporudi darasani nikakuta watu wanapiga makofi, nami nikapiga, kwa adabu tu, nikidhani tunampongeza aliyepata mjukuu. Mama Katibu akanisogezea sanduku la bati lenye kufuli tatu, akasema, "Hongera sana, baba. Funguo hazipo."

Kikundi chetu kinajishughulisha na historia ya Nyanda za Juu Kusini. Tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, hapa Mbeya, katika darasa la shule ya msingi, tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Ada ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwenye daftari tuko 23, wanaolipa ni tisa, na siku ya chai na maandazi tunafika 30.

Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu wa historia. Anakaimu, maana tulimpa kiti "kwa muda" miaka 11 iliyopita na tangu hapo kila uchaguzi ukitajwa watu wanakumbuka kwamba maharage yako jikoni. Ana kipaji kimoja ambacho sijakiona kwa kiongozi mwingine. Ukimuuliza habari za fedha, anakujibu kwa Lugalo.

"Mwalimu, zile elfu sitini za mchango wa mabango zimefikia wapi?"

"Swali zuri sana. Tarehe 17 Agosti 1891, yule kamanda Mjerumani, Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, alikuwa anapita Lugalo kama mtu anayekatiza shambani kwake..."

Wahehe wakishatoka majanini na Nyundo akishaanguka, giza limeingia, mlinzi wa shule anatingisha funguo mlangoni, na mabango hayana wa kuyaulizia. Nimehudhuria vita vya Lugalo mara nyingi kuliko askari yeyote wa Kijerumani aliyesalimika.

Hali yetu ya fedha iliharibika rasmi mwaka 2016. Kabla ya hapo tulikuwa tumechonga muhuri wenye picha ya kimondo cha Mbozi, fahari ya mkoa wetu. Ukazaliwa mkoa wa Songwe. Kimondo kile cha tani nyingi kikahama mkoa bila kusogea hata inchi moja. Sisi tukabaki na muhuri wa mali ya jirani. Muhuri mpya unataka hela, hela inatakiwa kuombwa kwa barua, na barua haipokelewi bila muhuri. Mpaka leo tunagonga kimondo cha watu na kuomba radhi kwa kalamu pembeni.

Sasa turudi kwenye sanduku. Utaratibu tuliuiga kwa akina mama wa VICOBA: kufuli tatu, washika funguo watatu, halifunguliwi mpaka wote wawepo. Kwa VICOBA unafanya kazi kwa sababu akina mama wanakuja vikaoni. Kwetu, mshika funguo wa kwanza alihamia Tunduma kwa biashara. Wa pili alisema ufunguo wake umo ndani ya sanduku, kwa usalama. Wa tatu, aliyekuwa mhazini kabla yangu, alikwenda Chunya kutafuta dhahabu. Nisimlaumu, mji wetu wenyewe ulichipuka miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa huko huko Chunya. Alikuwa anaendeleza historia.

Sanduku likalala chini ya kitanda changu zaidi ya mwaka, likila pesa kwa tundu la juu bila kutema. Mke wangu akawa analipigia deki kwa kulizunguka, kama kaburi.

Likaja wazo la safari ya Iringa, kwenda Kalenga kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe wale wa Lugalo. Mama Katibu akaandaa bajeti: usafiri, chakula, dharura, na mengineyo. Mengineyo yalikuwa makubwa kuliko hayo mengine yote yakijumlishwa. Ikabidi sanduku lifunguliwe. Tukalipeleka kwa fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, kamati nzima ikashuhudia. Fundi akalitazama, akaligeuza, akakata bawaba za nyuma kwa dakika mbili, akadai 15,000. Kufuli zote tatu ziko salama mpaka leo.

Ndani mlikuwa na shilingi 38,500, ufunguo mmoja, na karatasi iliyochanwa kwenye kaunta buku: "Nimechukua 40,000 za dharura. Nitarudisha Ijumaa." Halikuwepo jina, wala tarehe.

Kikundi kingine kingepigana. Chetu kilifurahi. Mwenyekiti alivaa miwani, akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akatangaza kuwa huu ndio waraka wa kwanza wa kale kumilikiwa na kikundi. Mzee mmoja mstaafu wa reli ya TAZARA, ambaye hata ugali ukichelewa analaumu ratiba, akauliza ni Ijumaa ipi. Mjadala ukaenda saa nzima. Mwingine akanusa wino. Mimi nilipendekeza iwekwe kwenye plastiki na ifichwe mbali na macho ya watu, maana mwanga unaharibu maandishi. Pendekezo langu likapita kwa kauli moja.

Niseme tu hapa, msomaji, kwamba ule mwandiko niliutambua kabla karatasi haijatoka sandukuni. Ulikuwa msimu wa mbolea, miaka mitatu nyuma. Yule mhazini wa Chunya alinipa hela mwenyewe, akaniambia niandike karatasi. Nikaandika, nikaitumbukiza, mahindi yakaota, nikasahau.

Tulisafiri mwezi wa Juni kwa Coaster, baridi ya kuuma meno. Uyole, Chimala, Igawa, Makambako, Mafinga. Kila kituo nilidai risiti. Mama ntilie wa Makambako aliniandikia ya kwake kwenye kipande cha boksi la biskuti: "Wali 14, wawili wameongeza." Mkaguzi akitaka kuisoma, iko.

Iringa tulipokewa kwa salamu nyingi za "kamwene", na tukaelekea Kalenga. Ndani ya makumbusho, mbele ya kile kioo, Mwenyekiti kwa mara ya kwanza hakuanzia Lugalo. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Mkwawa alijiua Julai 1898 ili asikamatwe, na Wajerumani wakamkata kichwa, kikapelekwa kwao. Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, waliandikishwa katika Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba watarudisha fuvu hilo ndani ya miezi sita. Gavana Mwingereza, Twining, alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, hapo hapo Kalenga, Juni 1954.

Watu walinyamaza. Nami nilikuwa kimya, ila kichwani nilikuwa nafanya hesabu nyingine kabisa.

Tukiwa njiani kurudi, tumepita Mafinga, giza limeshaingia, nikasimama katikati ya viti nimeshika bomba la juu. "Ndugu wajumbe, ile karatasi ni yangu." Hata dereva alipunguza mwendo. Nikaendelea haraka haraka, kwamba kama taifa zima liliahidi miezi sita mbele ya dunia, likachukua miaka zaidi ya 30, basi mtu mmoja aliyesema Ijumaa na kuchelewa miaka mitatu bado yumo ndani ya muda wa kiungwana.

Mzee wa TAZARA akakokotoa kwa vidole, akasema hesabu imekaa sawa. Mwenyekiti akakohoa, akasema kifungu cha 246 kilitaja pia Msahafu wa Khalifa Othman, kwa hiyo jambo si jepesi kama linavyoonekana. Nikaanza kuvuta pumzi.

"Mjerumani," akasema Mama Katibu bila kugeuka, "hakuwa mhazini wetu."

Kikao cha Julai kilijadili ajenda moja. Uhazini sikunyang'anywa, maana kila aliyetajwa kuurithi alipokea simu akatoka nje. Karatasi haikuchanwa, imo kwenye plastiki yake, na sasa ina jina langu, tarehe, na kimondo cha Songwe kimegongwa juu yake.

Nimesharudisha 28,000. Zilizobaki 12,000 nitazileta Ijumaa.